Kuchoma makusudi: Sierra Nevada si Kilimanjaro

Umeuliza kwa nini Kilimanjaro tusichome msitu kidogo kidogo kwa makusudi, kama Marekani, ili kuzuia moto mkubwa. Kule Sierra Nevada, milima ya California, misonobari ya ponderosa imezoea moto: gome nene, matawi ya chini hukauka na kudondoka, na zamani moto mdogo ulipita kila baada ya miaka michache ukila majani na vijiti vikavu vya chini. Serikali ikauzima kwa takribani karne nzima, kuni zikajazana, sasa ukiwaka unapanda hadi vileleni mwa miti. Kwetu ni habari nyingine kabisa. Miti ya erika iliyo juu ya mita 3,000 huwaka kama petroli, nayo ndiyo hunasa maji ya ukungu. Ikiungua mara kwa mara hubaki vichaka tu, na mpaka wa msitu unashuka. Kwa hiyo kwetu kazi ni kuzuia moto, si kuuwasha: anza na warina asali wanaopanda na mienge.