Rimoti ya gari ikigoma, usikimbilie kununua nyingine

Msomaji ameandika: rimoti ya gari lake la kutoka Japani haifungui milango mpaka asogee kabisa mlangoni, na fundi amemshauri anunue nyingine. Ndugu yangu, shika kwanza pesa yako. Rimoti inayopungua nguvu kidogo kidogo mara nyingi imechoka betri tu.

Ifungue usome namba mgongoni mwa betri. CR2032 na CR2016 zote ni za volti 3 na upana wa milimita 20, ila ya kwanza ina unene wa milimita 3.2, ya pili 1.6. Ukiweka nyembamba mahali pa nene itacheza ndani: leo inashika, kesho haishiki. Mpya husoma volti 3 na ushee kwenye mita. Ikisoma chini ya 2.8, badilisha.

Bado? Toa mpira wa vitufe, ubonyeze swichi yenyewe kwa ncha ya kijiti. Ikijibu, mpira umelika. Ikijibu pale tu unapoisukuma upande, lehemu imepasuka, na kuirudishia ni kazi ndogo. Vibati vinavyogusa betri navyo visuguliwe kwa spiriti, vinyanyuliwe kidogo kama vimelala.

Halafu kuna hesabu. Kila ukibonyeza, rimoti hutuma msimbo mpya na gari linahesabu pamoja nayo, ndiyo maana mwizi akinasa wa jana haumsaidii. Mtoto akiichezea nyumbani, hesabu zinaachana. Pengo dogo gari linalivumilia. Likizidi, bonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu. Likizidi mno, itabidi isajiliwe upya.

Ukibadilisha kasha, hamisha pia kile kidude cheusi kidogo kisichotumia betri. Hicho ndicho injini inachokitambua. Ukikisahau, milango itafunguka lakini gari haliwaki. Na usinunue kwa kufananisha umbo: rimoti nyingi za Ulaya hutumia masafa ya redio ya 433.92 MHz, za Japani karibu 315. Hazisikilizani.

Jaribu pia swichi ya mlango wa dereva. Ikifunga milango yote, vitasa na fyuzi ni vizima. Ukigoma mlango mmoja tu, rimoti haina kosa: angalia mota ya kitasa, na nyaya ndani ya ule mpira wa bawabani, zinakokatika kwa kukunjwa kila siku.

Na kwenye maegesho, indiketa zisipowaka ulipofunga, usiondoke. Kuna wezi wanaoziba mawimbi. Vuta kitasa kwa mkono, na mlango ukifunguka, funga kwa ufunguo.