IST inawaka kwa kubusti, kesho yake asubuhi imekufa tena: stata, kontroli boksi au betri?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, otomatiki. Asubuhi haliwaki. Nikizungusha ufunguo nasikia tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia. Jirani akinibusti kwa gari lake linawaka papo hapo, nashinda nalo mjini, nazima na kuwasha bila shida. Kesho yake asubuhi ni yaleyale. Fundi wa kwanza kasema stata imekufa, ninunue nyingine. Wa pili hata boneti hakufungua, akasema kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Nimwamini nani? Msomaji wa Morogoro.

JIBU: Usimwamini yeyote kati yao kwa sasa, dada yangu, na stata usinunue. Maelezo yako mwenyewe yameshaitetea. Stata iliyokufa haizungushi injini hata uiunganishe na betri mpya kutoka dukani, lakini yako inazungusha mara tu ipatapo umeme wa jirani. Kontroli boksi nayo ingekuwa mbovu, gari lisingewaka kwa kubusti na kukushindisha mjini siku nzima.

Kinachokosekana asubuhi ni umeme wa kutosha. Ule mlio wa tik-tik ni swichi iliyo kwenye stata. Betri ina nguvu ya kuivuta, lakini stata ikianza kudai mkondo mkubwa volti zinaanguka na swichi inaachia. Ikiachia volti zinapanda, inavutwa tena, na ndiyo maana inapiga harakaharaka huku taa zinafifia. Ingekuwa tatizo la stata yenyewe, mara nyingi ungesikia mlio mmoja tu mzito, “tak”, na taa zimebaki zinang'aa.

Anza na vichwa vya betri kabla ya yote. Fungua boneti utazame kama kuna ule unga mweupe au wa kijani, kisha jaribu kuvizungusha kwa mkono. Kichwa kikicheza, hakijakaza. Vua cha hasi kwanza, halafu cha chanya, safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo na brashi, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Fuata pia waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na injini, maana kutu hukaa hapo na watu wengi hawapatazami.

Kama vichwa ni vizuri, tafuta multimita, ile mita ya kupimia umeme. Ya kawaida inatosha, na duka la vifaa vya umeme halikosi. Pima betri asubuhi kabla hujagusa ufunguo. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, na ikishuka hadi 12.0 iko karibu kuisha. Kisha mwombe mtu apige stata huku unatazama namba. Betri yenye chaji ikianguka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, imechoka. Mwisho pima injini ikinguruma: unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kitu, altaneta, ile jenereta ya gari inayochaji betri, haichaji. Kwa kuwa wewe mchana unazima na kuwasha bila shida, sidhani kama altaneta ndiyo mkosaji, lakini pima, usinichukulie neno langu.

Sasa kuna jaribio moja lisilohitaji fundi, nalo nalipenda kwa sababu linajibu swali gumu zaidi: je, betri inajiishia yenyewe, au gari linainyonya usiku? Jioni, ukishaegesha na kuzima, vua kichwa cha hasi ukiweke pembeni kisiguse chuma. Asubuhi pima, kisha rudisha uwashe. Saa na redio vitapoteza kumbukumbu na alamu huenda ikalia, si tatizo. Kama betri iliyolala peke yake imeamka hoi, imekufa, nunua nyingine. Kwenye joto letu betri huzeeka haraka kuliko kwenye nchi za baridi, kwani joto hukausha maji na kula sahani za ndani. Lakini kama imeamka na nguvu na gari likawaka, betri haina kosa: kuna kitu kwenye gari kinachokunywa umeme wakati umelala.

Hapo ndipo unamhitaji fundi umeme. Ataunganisha mita kati ya kichwa cha hasi na waya wake, atasubiri nusu saa hivi vifaa vilale, kisha atasoma. Kawaida ni chini ya miliampea 50. Ikizidi sana, anachomoa fyuzi mojamoja hadi namba ishuke, na hiyo fyuzi ndiyo inayomwonyesha njia. Ningeanza kushuku alamu iliyofungwa hapa nchini, GPS ya ufuatiliaji, redio iliyobadilishwa, na taa ya buti isiyozimika. Usidharau kidogo: betri ndogo ya aina ya NS40 inabeba kama ampea-saa 35 tu, hivyo kitu kinachokula ampea moja na nusu kwa saa kumi kimeondoka na 15, karibu nusu ya betri.

Na tafadhali, usimruhusu mtu kuvua kichwa cha betri injini ikinguruma eti anapima altaneta. Bado wapo wanaofanya hivyo. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu na zinaweza kuunguza altaneta yenyewe au hiyo kontroli boksi uliyotajiwa. Gari lililokuwa na shida ya betri linaondoka na shida kubwa zaidi.

Kwa wengine wanaosoma: kama stata inazungusha vizuri na kwa nguvu lakini moto haushiki, betri iacheni, hapo tunatafuta mafuta, cheche au sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), na mashine ya kupimia itaokoa muda. Msidanganyike kwa kutosikia pampu ya mafuta ufunguo ukiwa “ON”. Kwenye Toyota nyingi pampu haifanyi kazi hadi stata izungushe. Kama ni kimya kabisa kwenye otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo ya kutazamwa.

Sasa suala la mafundi. Sitasema wale wawili ni wezi. Fundi mwingi wa mtaani hana mita, na hata akiwa nayo, wateja hawataki kulipia kupima, wanalipia kifaa kikifungwa. Kwa hiyo anataja kifaa. Akikosea, anataja kingine, na gharama zote zinakuangukia wewe. Dawa yake ni kubadilisha unachonunua. Mwambie tangu mwanzo: “Nakulipa kupima, hata kama hutofunga kitu. Nataka kuona namba kwenye mita.” Fundi anayejiheshimu atafurahi. Anayekasirika au kuanza kukutajia stata kabla hajagusa boneti, mwache aende.

Msikilize pia anavyouliza. Fundi mzuri atataka kujua lilianza lini, kuna nini kilifungwa karibuni, linawaka likibustiwa? Na ukiambiwa mkanda wa taiming wa IST yako umekatika, ondoka hapo: 1NZ inatumia cheni, haina mkanda huo.

Kabla hujakabidhi gari, piga picha betri, matairi na ndani ya boneti, na andika namba iliyo kwenye betri. Elewaneni ufundi ni kiasi gani na spea ni kiasi gani, kila moja peke yake, na spea nendeni dukani pamoja au ununue mwenyewe upate risiti. Kifaa cha zamani urudishiwe mkononi, hata kama hukihitaji. Ili kumpata wa namna hiyo, waulize madereva teksi, maana gari likilala kwao hakuna chakula. Usiwaulize tu nani ni hodari. Waulize fundi wao alipokosea alifanya nini.

Wewe anza leo jioni na kichwa cha hasi. Kesho niandikie namba zote tatu: ya asubuhi, ya wakati wa kupiga stata na ya injini ikinguruma, pamoja na kila kilichofungwa kwenye gari tangu ulinunue. Kwa hizo nitakwambia kama ni betri ya kununua au ni waya wa kutafuta.