Kabla hujachapisha dodoso lako la kwanza

Swali lililoniumiza zaidi katika dodoso langu la kwanza lilikuwa fupi: "Hujapata mafunzo yoyote kazini mwaka huu?" Chini yake niliweka visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Tulipoketi kuingiza majibu kwenye kompyuta, mwenzangu akaniuliza: huyu aliyetia alama kwenye Ndiyo, amepata au hajapata? Nikakwama. Ukimwuliza mtu "Hujala?" naye akasema "Ndiyo", kwa kawaida anakubali kwamba hajala. Lakini kwenye karatasi wapo wanaosoma Ndiyo kuwa "nimepata". Safu nzima tukaifuta, na watu walikuwa wametupa muda wao bure. Hilo la mwisho bado linaniuma.

Mtego huu umewanasa hata mabingwa. Mwaka 1992 kampuni ya Roper ya Marekani iliuliza watu kama wanaona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Asilimia 22 wakajibu inawezekana, na taarifa ikazua mshtuko. Mwaka 1994 swali likaandikwa upya bila kukanusha juu ya kukanusha, na kiwango hicho kikaporomoka hadi asilimia 1 hivi.

Kwa hiyo uliza kwa kukubali: "Umepata mafunzo?" Hata hapo hujamaliza. Mafunzo gani? Kuelekezwa na mwenzako kwa nusu saa kunahesabika? Na "mwaka huu" kwa anayehojiwa Januari ni siku chache, kwa wa Desemba ni karibu miezi 12. Leo ningeandika: "Katika miezi 12 iliyopita, umehudhuria mafunzo ya kazi yaliyochukua angalau siku moja?" Ni refu zaidi, lakini kila neno lina kazi yake.

Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wageni ni wa Kundi la Washington la takwimu za ulemavu, lililoundwa chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Ukimwuliza mtu "Je, una ulemavu?" wengi watakana. Neno lenyewe ni zito, na bibi anayeshindwa kupanda ngazi atakwambia huo ni uzee tu. Kundi hilo likaliacha neno, likauliza kuhusu mambo sita: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne, kuanzia kutokuwa na ugumu wowote hadi kutoweza kabisa. Tazama swali la kwanza: una ugumu wa kuona, hata ukivaa miwani? Ondoa hayo maneno ya miwani uone. Mwenye miwani inayomfaa atajibu kwa jinsi anavyoona bila miwani, jirani yake atajibu kwa jinsi anavyoona akiwa nayo, na wewe hutajua nani ni nani.

Makosa mengine utayakamata kwa kusoma tu. Likitokea "na" katikati ya swali ("Umeridhika na mshahara na mazingira ya kazi?"), ligawe. Makundi ya umri yasigongane: aliye na miaka 25 ajiweke wapi kati ya 18–25 na 25–30?

Yale usiyoweza kuyakamata mezani, wahojiwa watakuonyesha. Kabla ya kazi yenyewe, keti na watu wachache, uwaombe waseme swali kwa maneno yao na wakueleze jibu wamelipataje. Katika jaribio moja tuliuliza, "Una watoto wangapi?" Mama mmoja akasema wanne. Nilipomwomba anihesabie, akawataja kwa vidole, kisha akanyamaza kidogo na kusema wapo wawili waliofariki, hao hakuwaweka. Aliyemfuata alisema watano, na mmoja kati yao alikuwa amefariki. Jioni ile tukalivunja swali: wanaoishi nawe, wanaoishi kwingine, na waliozaliwa hai kisha wakafariki. Pia tukawaagiza wadadisi wasiliharakishe hilo la tatu.