Je, nibadilishe vipuri vya kupoza injini kabla havijaharibika?

SWALI: Gari langu lina umri wa miaka 12 na limetembea kilomita 160,000. Halijawahi kuchemsha wala kuvuja maji. Hata hivyo, fundi wangu ananishauri nibadilishe kwa pamoja mipira ya rejeta, kifuniko chake, themostati na pampu ya maji. Je, kuna haja ya kugusa kitu ambacho bado ni kizima?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa fundi wako una msingi, kwa sababu kasoro nyingi za mfumo huu hazionekani mpaka siku gari linapokwama njiani. Mpira wa rejeta, kwa mfano, mara nyingi huoza kuanzia ndani, kwa hiyo unaweza kuuona mzuri kwa nje ilhali ndani umejaa nyufa. Injini ikiwa imepoa kabisa, ubinye karibu na klempu, kisha ubinye katikati. Sehemu ya klempu ikiwa laini zaidi, mpira huo umekwisha. Hata usipoona dalili hiyo, mipira ya miaka 12 ibadilishe yote, ikiwemo ile midogo ya hita ambayo husahaulika.

Kifuniko nacho kisidharauliwe. Kazi yake ni kuhifadhi shinikizo ndani ya mfumo, kwa kawaida takriban baa 1, na shinikizo hilo ndilo linalouwezesha mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) kuvumilia joto la nyuzi 125 hivi za Selsiasi, ambapo ukiwa wazi ungechemka kwenye nyuzi 107. Springi yake ikilegea, gari litachemsha hata kama rejeta ni mpya.

Themostati, yaani vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, ikikwama ikiwa imefunga, maji hayafiki huko, na silinda hedi ya alumini (sehemu ya juu inayofunika silinda za injini) inaweza kupinda kwa muda mfupi sana. Tafadhali usitegemee mshale wa joto peke yake kukuonya: maji yakimwagika yote ghafla, kihisi hubaki hewani na mshale unaweza usipande.

Kuhusu pampu ningemuuliza fundi swali moja kwanza. Ikiwa inazungushwa na mkanda wa taimingi (ule wa ndani unaoratibu mwendo wa vali na pistoni), ibadilishwe pamoja na mkanda huo, kwa kuwa kazi ya kuifikia ni ileile. Ikiwa inazungushwa na mkanda wa nje, mnaweza kusubiri, mradi haina mlio, shafti haichezi, na kitundu kilicho chini ya shafti hakina alama za kulanti iliyokauka.

Mkimaliza, jazeni kulanti ya aina iliyoelekezwa kwenye kitabu cha gari bila kuichanganya na nyingine, na mtoe hewa yote iliyobaki ndani. Baada ya siku chache, kagua kiwango chake asubuhi kabla ya kuwasha injini. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.