Klipu nzuri Goma huanzia studio

Tangu MTV ianze kurusha video Marekani mwaka 1981, na zaidi tangu YouTube ije mwaka 2005, watu huuliza "umeuona huo wimbo?" Wasanii wa Goma wanalijua hilo, ndiyo maana wanakimbilia kamera. Shida ni kwamba wengi wanaikimbilia wimbo ukiwa haujaisha.

Usipige klipu juu ya demo, yaani rekodi ya majaribio. Studio ikibadilisha tempo kutoka mapigo 100 kwa dakika hadi 101 tu, baada ya dakika tatu midomo na sauti vitapishana karibu sekunde mbili, na hakuna montaji (uhariri wa video) itakayoficha hilo. Subiri miksi ya mwisho, sauti zote zikiwa zimeshasawazishwa. Mwombe fundi aweke milio minne ya kuhesabu kabla wimbo haujaanza, ili mwimbaji aingie kwa wakati.

Bafle, yaani spika inayopiga wimbo, ikae karibu na mwimbaji, nje ya picha. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde: akisimama mita 30 kutoka kwenye bafle, atachelewa fremu mbili hivi, yaani picha mbili kati ya 25 za kila sekunde ya video. Fremu mbili zinaonekana. Na aimbe kwa sauti kweli. Anayechezesha midomo tu, shingo yake humsaliti.

Ukitaka mwendo wa polepole, rekodi fremu 50 kwa sekunde, piga wimbo kwa kasi maradufu, kisha uichezeshe picha kwa 25. Hapo midomo hukaa sawa. Kiitikio cha taratibu kinafaa. Rapu ya haraka haiimbiki hivyo, iache.

Ndani ya nyumba au baa, tumia fremu 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ukiacha kamera kwenye 30 na 1/60, taa nyingi zitacheza-cheza na kuchora mistari.

Mawe ya volkano ni mazuri mno kwa picha, lakini yanaidanganya kamera. Inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga yenyewe, anga linakuwa jeupe na uso unaungua. Zima otomatiki, pima mwanga usoni. Nguo nyeusi humezwa na mawe, nyeupe inang'aa kupita kiasi. Njano au chungwa hukaa vizuri. Wachezaji wavae viatu vya soli nene. Tuko karibu na ikweta, jua hupanda haraka: piga kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Kufika saa nne, macho yote yamejaa vivuli.

Pesa ya kukodi gari la kifahari sisi tungeipeleka kwenye miksi.

Kwa kupandisha YouTube, 1080p ya megabiti 8 kwa sekunde inatosha. Wimbo wa dakika nne utakuwa kama megabaiti 240, kwa hiyo nunua bando mapema. Wakati wa kupiga, mweke mwimbaji katikati ya fremu kwenye kiitikio, ili ukate kipande cha wima cha simu bila kumpoteza kichwa.