Ngoma iko mkono wa kulia: nilivyojifunza "More Than Words" kwa kuaibika

Binamu yangu alipochumbiwa aliniita pembeni akaniambia, "Kaka, vyombo nitapewa na wengine. Wewe nipigie 'More Than Words' kwenye sendofu." Nikakubali palepale, hata tarehe sikuuliza. Wimbo wenyewe una gitaa moja na sauti mbili. Hauna besi wala kinanda, na ngoma niliamini hauna pia. Nilikuwa nimepiga gitaa kanisani miaka minne. Nani angeshindwa?

Nilishindwa mimi. Ubeti wa kwanza nilianza kwa mwendo wa kuaga maiti, wa pili nikawa nakimbia kama ninayewahi daladala ya mwisho. Rafiki yangu aliyeimba nami alifika kwenye kiitikio sauti ikamkwama, akawa anafungua mdomo tu. Watu meza za nyuma wakarudi kwenye mazungumzo yao na pilau lao. MC, Mungu ambariki, akatuokoa kwa kuita keki kabla ya wakati wake.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka ananijia kijana mwenye gitaa jipya akitaka kuanzia hapohapo nilipoanguka. Wimbo unasikika mwepesi, na huo ndio mtego wenyewe.

Waliouimba ni Extreme, bendi ya roki nzito kutoka Boston, Marekani. Albamu yao ya Pornograffitti ilitoka mwaka 1990, na sehemu kubwa ya albamu hiyo ni magitaa ya umeme yanayonguruma na solo za kasi ya kukutia kizunguzungu. Katikati ya vurugu hiyo wakaweka wimbo huu wa gitaa kavu. Mwezi Juni 1991 ulikuwa namba moja Marekani, na Uingereza ukafika namba mbili. Nikimfikiria mtu aliyekimbilia dukani kununua kaseti akitegemea usingizi mtamu, halafu akapokewa na ule moto wa upande wa kwanza, nacheka mwenyewe.

Kwenye video yake, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, mpiga ngoma anaweka vijiti chini na mpiga besi anazima amplifaya yake, kisha wote wawili wanakaa tu kama wageni. Mimi niliitazama nikaelewa hivi: mdundo umeondoka, tumebaki na nyimbo za kubembeleza mtoto. Nilielewa vibaya kabisa. Mdundo haukuondoka, ulihamia kwenye mkono wa kulia wa Nuno Bettencourt, mpiga gitaa wao, mzaliwa wa visiwa vya Azores huko Ureno, ambaye alianza na ngoma kabla ya kushika gitaa. Usikilize tena ukijua hilo. Chini ya kila mstari kuna mlio mkavu, "tka", unaorudi kila mara mahali palepale. Huo ndio mpiga ngoma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiniambia nichague mmoja tu nitachagua huu, ni kwamba usishike kodi yoyote kwa wiki nzima. (Kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si zile za TRA.) Laza mkono wa kushoto juu ya nyuzi ili zisitoe noti, halafu ufundishe mkono wa kulia peke yake. Dole gumba linachuna uzi mzito, vidole vitatu vinavyofuata vinachuna nyuzi za chini yake kwa pamoja, na kwenye pigo la pili na la nne mkono unaangukia nyuzi: tka. Usipige kwa hasira. Ni uzito wa mkono tu unaodondoka. Siku mbili za mwanzo utajiona mjinga, maana hakuna wimbo unaosikika, ni kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Vumilia.

Utajuaje kama umeiva? Mimi niliuacha mkono uendelee huku naongea na watu. Siku mke wangu aliponiuliza kama nimenunua umeme, nikamjibu bado, tukabishana kidogo kuhusu zamu ya nani, na mkono haukukatika, ndipo nikajua sasa naweza kuruhusu kodi ziingie.

Mwendo wa wimbo ni takriban mapigo 92 kwa dakika. Anza na 60. Programu za metronomu, kile kipimo kinachogonga mwendo, zipo za bure kwenye simu, huna kisingizio. Kilichoniua ukumbini ni kwamba nilifanya mazoezi bila kipimo, na woga ukishaingia, mkono usio na kipimo hukimbia.

Kodi zenyewe hazitishi. Unaanza na G, besi inapanda hadi B, inaingia C yenye D ndani yake, kisha Am7, C, D, na unarudi nyumbani. Mtu wa kwaya yeyote amewahi kuzikanyaga. Mahali pa kukaa ni kwenye kiitikio, pale C inapogeuka kuwa Cm. Ni noti moja tu inayoshuka nusu toni, lakini chumba chote kinabadilika, kama wingu limepita juu ya uwanja wa mpira. Wengi wanairuka kwa sababu kidole kinauma, wanabaki na C tupu, halafu wanashangaa mbona kwao wimbo hauchomi. Irudie hiyo sehemu peke yake mpaka ikae. Mimi nilikesha nayo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: nyuzi zote sita kwenye rekodi zimelegezwa nusu toni. Mimi nilipiga kwa toni ya kawaida, na sisi wawili si waimbaji wa kupanda milima, ndiyo maana mwenzangu alikwama. Legeza. Ukiona bado inakubana, legeza toni nzima, hakuna askari atakayekukamata. Ila fanya hivyo siku mbili kabla ya shughuli, kwa sababu nyuzi zinahitaji muda wa kutulia, zikiguswa leo kesho zinateleza. Na kama gitaa lako ni la nyuzi za nailoni, ile tka itatoka butu. Azima la nyuzi za chuma.

Kuhusu sauti, usitafute tu rafiki yako kipenzi. Tafuta mtu wa kwaya. Gary Cherone anaimba sauti kuu, Bettencourt anamfuata kwa sauti ya pili huku mkono ukiendelea na kazi yake, na sauti hizo mbili zinapumua mahali pamoja. Hao jamaa walilelewa kimuziki na Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na ukizisikiliza sauti zao unawajua wazee wao. Tarehe 20 Aprili 1992, kwenye tamasha la kumuenzi Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, uwanja wa Wembley, Extreme walipanda jukwaani wakapiga mchanganyiko wa nyimbo za Queen. Freddie, kama hukujua, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Kwa hiyo ukiambiwa huu ni muziki wa kizungu usiotuhusu, mjibu kwamba uzi mmoja wake ulianzia Mji Mkongwe.

Mazoezi ya sauti tuliyafanya bila gitaa kabisa, tumekaa kwenye viti viwili vinavyotazamana, tunaangaliana midomo. Inachekesha mara ya kwanza. Baadaye inakuwa kama sala.

Sasa maneno. Watu wengi hudhani ni wimbo wa kumwambia mtu "nakupenda". Ukisikiliza vizuri, mwimbaji anasema karibu kinyume chake: hayo maneno nimeyasikia, nionyeshe. Anauliza ungesema nini kama ningekunyang'anya maneno hayo. Wahenga wetu walishasema maneno matupu hayavunji mfupa. Kwenye sendofu, ambako wazazi wanamuaga binti yao na mkwe amekaa pale mbele na suti yake mpya, huo ni ujumbe mzito kuliko hotuba ya mjomba. Lakini nusu ya ukumbi haifuati Kiingereza cha wimbo, kwa hiyo mpe MC sentensi mbili za Kiswahili azisome kabla hujaanza. Tulipofanya hivyo mara ya pili, akina mama walianza kumtazama bwana harusi hata kabla sijagusa uzi. Mwenyewe alitabasamu, lakini jasho lilikuwa linamtoka.

Ndiyo, kulikuwa na mara ya pili. Mdogo wake binamu yangu naye aliolewa mwaka uliofuata, na familia, kwa huruma au kwa kukosa mtu mwingine, ikanipa nafasi tena. Safari hii nilifika mapema nikamtafuta fundi mitambo kabla hajazongwa na watu. Mara ya kwanza tulikuwa na maiki moja kwa gitaa na midomo miwili, upuuzi mtupu. Omba tatu. Ya gitaa isielekezwe kwenye tundu, itavuma kama jenereta. Ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo, na ile tka utaisikia hadi mlangoni. Mwambie pia asiongeze mwangwi. Mafundi wetu wanapenda mwangwi kama sukari kwenye chai.

Tulipiga. Sikukimbia. Kwenye Cm kidole kiliuma lakini kilikaa. Meza za nyuma sijui zilikuwa zinafanya nini, sikuziangalia.

Baada ya chakula mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanifuata na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia jukwaani, akaniangalia mimi.

"Kijana, yule mpiga ngoma mlimficha wapi? Nimemsikia muda wote, sijamwona."

Nikamnyooshea kiganja cha kulia. Alikishika, akakigeuza kwenye mwanga, akapapasa sugu ya dole gumba kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Hee," akasema, akaenda kumwita mwenzake aje aone.