Mgonjwa wa figo asinyimwe chakula kabla vipimo havijasomwa

Mtu akiambiwa figo zake zimeanza kushindwa, orodha ya makatazo humfikia nyumbani kabla hajamwona afisa lishe: maharage asile, nyama asiguse, mboga za majani na maziwa mwiko. Baada ya miezi michache amebaki na uji mweupe, nguo zimempwaya, na kriatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa ili kujua hali ya figo, imeshuka kidogo. Ndugu wanafurahi. Lakini kriatinini hutokana na misuli. Misuli ikiisha, nayo hupungua, wakati figo hazijapona hata kidogo. Ndiyo maana afisa lishe makini humpima mgonjwa uzito na mzingo wa mkono kabla ya kuzungumzia sahani yake.

Kisha huomba majibu ya maabara, kwa sababu katazo hutoka huko na si kwenye jina la ugonjwa. Potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini, ikiwa 4.3 (milimoli kwa lita), hakuna sababu ya kumnyang'anya mtu mchicha. Ikiwa 5.8, hilo si la kusubiri kliniki ya mwezi ujao, daktari aambiwe mapema. Hata hapo mboga si mshukiwa pekee. Kuna dawa fulani za presha, sukari iliyopanda, kukosa choo kwa siku kadhaa, na chumvi mbadala za madukani, ambazo nyingi zimewekwa potasiamu badala ya sodiamu.

Protini ndiyo inayowachanganya wengi. Kwa mgonjwa ambaye hajaanza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kipimo cha kawaida ni kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 kwa siku. Huku kwetu Dodoma watu husahau kuhesabu ugali. Gramu 300 za unga wa mahindi au mtama, kwa milo yote ya siku, zina gramu 24 hadi 30 za protini. Nusu ya hesabu imeshakwenda! Zinazobaki zinatoshea yai moja (gramu 6), nusu kikombe cha maharage yaliyoiva (gramu 7) na kipande cha nyama chenye ukubwa wa kiberiti (gramu 8 hivi). Robo kilo ya nyama choma isiyo na mifupa, pale mnadani Msalato, inapita kipimo cha siku nzima kwa mkao mmoja. Nguvu (kalori) iliyopungua kwenye chakula ifidiwe kwa mafuta ya alizeti kwenye mboga, la sivyo mwili utachoma misuli yake wenyewe.

Akianza dayalisisi, hesabu inageuka: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, kwa kuwa mashine huondoka na sehemu ya protini. Wengi huendelea kujinyima kama zamani, na hapo ndipo wanapodhoofika.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na dagaa wa chumvi. Magadi ya kwenye mlenda nayo ni sodiamu, ingawa ulimi hauonji chumvi. Mpikieni mgonjwa mlenda wake bila magadi, hata kama utachelewa kulainika.

Ikithibitika kwamba potasiamu iko juu, viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, kisha maji yamwagwe. Njia hiyo inaweza kuondoa karibu nusu ya potasiamu. Kuloweka usiku kucha bila kuchemsha husaidia kidogo sana. Mboga mbichi nazo zichemshwe na maji yamwagwe, yasigeuzwe mchuzi. Unga wa mlenda mkavu hauna maji ya kumwaga, kwa hiyo dawa yake ni kupunguza kiasi. Zabibu mbichi kishada kidogo hazina neno kwa wengi, ila zabibu kavu na ubuyu vina potasiamu nyingi mno.

Maji nayo yana upotoshaji wake. Mgonjwa wa hatua za mwanzo asiyevimba hana sababu ya kujinyima maji katika jua hili la Dodoma. Kwa aliye kwenye dayalisisi, kipimo kinachotumika sana ni kiasi cha mkojo wa jana ukijumlisha mililita 500, na uji, chai na mchuzi vyote vinahesabiwa. Kiu ikimsumbua, anza kukagua chumvi.

Siku ya kwenda kliniki, andika kila ulichokula na kunywa kwa siku tatu, moja iwe ya wikiendi. Beba majibu yote ya maabara na dawa zote, za mitishamba zikiwemo. Chukua pia bakuli na kijiko unavyotumia nyumbani, maana bakuli la nyumba moja linaweza kuwa mara mbili ya la nyumba nyingine. Na aje yule anayepika.